Mstari Mtupu Chini ya Fomu

Aline, wewe na wenzako wa kile chumba cha kompyuta cha Himbi, Goma, mliniuliza swali kabla mtandao haujakatika: mtu anayetengeneza programu za kompyuta bila patron, bila bosi wa kumwajiri, akae wapi? Uliuliza ukicheka, lakini ulikuwa na barua ya kazi ya watu wa Kigali mkononi, na mama yako alikuwa ameshaanza kulia. Nikakuambia nitajibu siku nikistaafu. Basi nimestaafu wiki iliyopita, bila sherehe, na sasa nina nafasi kubwa ya kujibu kuliko nilivyotaka. Nimepanga chumba huku Gisenyi, hatua chache kutoka barrière, kizuizi cha mpaka wa Rwanda na Congo, na barrière imefungwa. Dirishani naona mabati ya Goma. Mke wangu Consolata yuko kule, mimi niko huku. Hilo ndilo jibu langu kwa ufupi, na refu linafuata kwa sababu sina kazi nyingine ya kufanya.

Naandika Kiswahili cha shule, maana mwalimu wangu alikiingiza kwa fimbo na sijui kukitoa. Lakini watu nitawaacha waseme cha kwetu, vile walivyosema.

Nilianza kazi mwaka ule wa wakimbizi wa Rwanda, walipovuka hii hii barrière ninayoitazama sasa, siku baada ya siku, mpaka ikawa huwezi kuona barabara chini ya miguu yao. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari na nilijua kupiga mashini ya kuandikia. Shirika moja la misaada lilitafuta watu wa kuandika orodha za kambi za Mugunga na Kibumba. Siku ya kwanza walinipeleka kwenye chumba chenye meza mbili. Meza moja ilikuwa na kompyuta mpya, imefunikwa kitenge, kwa sababu vumbi la volkano linaingia popote hata ufunge mlango namna gani. Meza ya pili alikaa Muzee Balthazar, karani wa zamani kutoka upande wa Bukavu, na mashini yake ya chuma ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Alinitazama nikiitazama ile kompyuta.

"Umeshaigusa?"

"Hapana, muzee."

"Basi iguse. Miye nilikatala. Mikono yangu imezoea kitu yenye inalia."

Mzungu aliyeleta kompyuta alituachia kitabu kinene cha Kifaransa, akaenda Nairobi kwa wiki moja, hakurudi tena. Kitabu kile ndicho kilikuwa chuo kikuu changu. Maneno yaliyonishinda alinifasiria Muzee Balthazar, ambaye Kifaransa chake kilikuwa cha mapadri wa zamani, chenye heshima nyingi kupita kitabu chenyewe. Kidogo kidogo niliweza kuiambia mashini ipange majina, ihesabu watoto, itafute mtu. Siku ya kwanza ilipompata mtu niliyemtafuta, mtoto wa miaka tisa ambaye mama yake alikuwa Mugunga na yeye Kibumba, Muzee Balthazar alisimama, akavaa koti lake la kahawia, akaja kuiangalia kwa karibu. Akasema iko sawa, akarudi kukaa.

Yeye ndiye aliyetengeneza fomu ya kambi. Jina, umri, mulima alikotoka, watu wangapi kwenye hema. Na chini kabisa, kila mara, aliacha mstari mmoja mtupu usio na swali. Nilimwuliza.

"Muzee, huu mustari ni ya nini?"

"Ya mutu."

"Mutu ataandika nini?"

"Sijui. Kama ningejua, ningeliuliza."

Nilidhani ni uzee. Halafu fomu zikaanza kurudi. Kwenye mstari ule watu walikuwa wamesema: naogopa yule wa hema ya kando. Au: mume alibakia njiani, hatujui. Mwanamke mmoja aliomba aandikwe kwamba ana mimba, lakini mama-mkwe asisomewe. Makarani wa hema waliandika kila kitu hivyo hivyo, na Muzee Balthazar alivisoma vyote, kimoja kimoja, akipeleka kwa wakubwa vile vya kupeleka. Nikauweka mstari ule kwenye programu, ijapokuwa kumbukumbu ya mashini ilikuwa ndogo na mstari ulikuwa unaila.

Vita ikafika, kambi zikavunjwa, watu wakatawanyika tena, wengine msituni. Shirika likaondoka asubuhi moja na magari yake yote. Kompyuta waliiacha kwa sababu ilikuwa imeharibika upande. Muzee Balthazar alibeba mashini yake begani akaenda nayo nyumbani Katindo, na mimi nikabeba ile yangu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtu asiye na patron. Vijana wa leo mnachagua wenyewe kuwa hivyo, na mna hata jina zuri la kuiita hali hiyo. Sisi patron ndiye aliyetuacha.

Hapo ndipo swali lako lilianza kunisumbua. Nikae wapi? Nyumba nzuri, majirani, maji, hivyo vyote niliviweka pembeni. Niliuliza kitu kimoja tu: courant, yaani umeme, iko wapi? Mtaa wa Birere kulikuwa na Papa Kasereka, mtu wa kabila la Wanande mwenye mulini ya kusaga muhogo, na mulini ilikuwa na jenereta. Nikapanga chumba nyuma ya ukuta wake. Alipokuwa anasaga, nilikuwa na umeme. Alipopumzika, nilipumzika. Meza ilikuwa inatetemeka vibaya, na unga ulinifikia hata kwenye nyusi. Nilitengeneza hapo programu ya alama za shule, ya famasi mbili, na ya ushirika mmoja wa wafugaji wa Masisi waliotaka kujua fromage yao, jibini la maziwa ya ng'ombe, inapotelea wapi njiani.

Fromage ile ndiyo ilinileta kwa Consolata. Alikuwa binti wa milima ya Masisi, alipanga chumba cha pili kutoka changu, na alikuwa anauza fromage sokoni, zile za duara, kwenye beseni jeupe. Niliambiwa na ushirika nimhesabie. Yeye ndiye akanihesabu mimi. Aliniuliza ninakula nini, na lini, na nani ananipikia, na majibu yote yalimchekesha.

Siku mulima ulipotapika, moto uliposhuka katikati ya mji, nilikuwa kwenye kompyuta. Papa Kasereka alinipigia ukuta kwa ngumi. Nikapata chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nikapakia mashini, nikaifunga kwa kamba, nikasukuma na watu wote kuelekea huku Gisenyi. Nilijiona mwanaume wa akili. Tulipofika upande huu, nikakaa juu ya jiwe, nikakumbuka kwamba diskette zote za wateja, kazi ya miaka, zilibaki kwenye rafu. Mashini bila zile diskette ni sanduku. Nilianza kulia, na sioni aibu kukuambia.

Consolata akanikuta hapo na beseni lake kichwani. Akalitua, akafunua kitambaa, akatoa fromage ya juu. Chini yake zilikuwa diskette zangu, zote, zimefungwa kwenye gazeti.

"Ulibeba sanduku," alisema. "Nikasema, huyu mutu ataishi na nini?"

Zilinuka fromage mpaka siku zilipoacha kutumika. Mwalimu mkuu mmoja aliniuliza kwa nini alama za shule yake zinanuka. Nilimwoa Consolata mwaka huo huo.

Birere haikuwepo tena, ilikuwa mawe meusi yenye joto. Tulijenga Keshero, nyumba ya mbao juu ya mawe ya zamani, upande wa barabara ya Mugunga. Nyumba ile sikuichagua kwa umeme, maana haukuwepo. Consolata ndiye aliichagua, kwa sababu wamama wanaoshuka kutoka Masisi wanapita hapo na fromage. Nilichaji betri ya gari kwa jirani, nikaibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, nikafanya kazi hadi ikaisha. Dirisha la meza yangu lilitazama mulima. Asubuhi wamama walipita wakisalimia, "Papa Déo, bado uko naandika?" na mimi nilijibu bado. Sikupata mahali pengine pa kufanyia kazi vizuri vile, na sikujua. Mungu hakutupa watoto. Tulilia juu ya hilo kwa wakati wake, tukaacha.

Halafu dunia ikabadilika, wateja wakawa mbali, wakataka wakuone kwenye kioo cha kompyuta kila siku saa tatu kamili. Betri ya gari haikuweza hilo. Gisenyi kulikuwa na umeme usiokatika na mtandao mzuri. Nikapanga chumba, si mbali na hiki. Asubuhi nilikuwa navuka kwa miguu na kompyuta mgongoni, mangaribi narudi kabla hawajafunga. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Baadaye nikawa nalala huku siku za kazi, narudi Keshero siku ya posho, Jumamosi. Siku moja nilikuwa nimepita kumletea Consolata dawa, nikachelewa, nikakuta barrière imefungwa na mimi niko upande wa Goma. Nilikasirika sana kwa ajili ya kazi ya kesho. Consolata aliniona narudi njiani na uso wangu wa hasira, akaweka sahani ya pili mezani bila kuniuliza. Leo ningetoa chochote nifungiwe upande ule.

Sasa nakuja kwenye kosa langu kubwa la kazi, na ulisikilize vizuri kwa sababu utalifanya na wewe. Vita nyingine ilikuwa imetoa watu wa Kibumba mashambani, wakajaza kambi ya Kanyaruchinya. Shirika fulani likaniomba programu ya kuandikisha watu kwa simu, nyepesi, ya haraka. Niliifanya nikiwa huku Gisenyi, kwenye kiti kizuri. Muzee Balthazar alikuwa mzee sana wakati huo, nikamwonyesha siku moja nilipopita Katindo. Aliivuta simu karibu na jicho.

"Mustari iko wapi?"

"Muzee, niliutoa. Unakula nafasi. Batu bataandika hadisi."

"Unakula nafasi ya nani?"

Akanirudishia simu.

Shirika lilikuwa na wasiwasi wa majina hewa. Kwa hiyo nikaweka sheria: karani anapita asubuhi, hema kwa hema. Akimkosa mkuu wa familia mara mbili, programu yenyewe inaifunga familia ile, yaani inaitoa kwenye orodha ya chakula, bila kuuliza mtu. Nilijivunia sheria ile. Ilifanya kazi sawasawa, na baada ya wiki mbili ilikuwa imefunga familia nyingi, na shirika likaniandikia kunipongeza.

Consolata ndiye aliyevuka kunitafuta. Hakuwa anapenda kuvuka. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Kuko mama moja, Mama Zawadi. Anauzishaka mboga kando yangu sokoni. Wamemukata kwa liste. Wanasema ni mashini yako."

"Alikosekana mara mbili," nilisema.

"Asubuyi?"

"Asubuhi."

"Déo, batu ba Kibumba banaenda kulima asubuyi. Banatoka na giza, banafika mashamba yao, banachimba viazi, banarudia mangaribi. Benye vita bakibafukuza, banakimbia na jembe. Kila mutu wa Goma anajua. Hata mutoto anajua. Kama ungelikuwa unalala kwako, ungelijua."

Tulipanda moto, pikipiki ya kukodi, wawili nyuma ya dereva, tukaenda Kanyaruchinya saa ya kurudi kwao. Walikuwa wanashuka barabara ya Rutshuru na majembe begani na mifuko ya viazi kichwani, wengi, ndio wale wale ambao programu yangu ilisema hawapo. Mama Zawadi alikuwa mwembamba, miguu imejaa udongo hadi magotini. Consolata akamwambia huyu ndiye.

"Weye njo mwenye mashini?"

"Ndiyo, mama."

"Mashini yako inasema siko."

"Inasema hivyo, mama."

"Na weye unaniona?"

"Nakuona."

"Basi uiambie."

Alitua mfuko wake, akatoa viazi vinne, akampa Consolata. Mimi hakunipa, na alikuwa na haki. Watoto wake walikuwa wameishi wiki nzima kwa viazi vile, ambavyo alivifuata penye risasi kwa sababu orodha ilikuwa imemfuta, na orodha ilimfuta kwa sababu alivifuata. Sikulala huku Gisenyi siku ile. Nilikaa Keshero kwenye meza yangu, na betri ya jirani, nikaibomoa ile sheria. Mahali pa swali moja niliweka mawili: unalala wapi, na mchana uko wapi. Karani apite mangaribi. Programu isifunge mtu yeyote, imwulize binadamu kwanza. Na chini kabisa nikaurudisha mstari wa Muzee Balthazar. Kama kuna kazi yangu moja ya kukumbukwa, ni maswali yale mawili na mstari ule, na sehemu nzuri kuliko zote si yangu.

Ungesema baada ya hapo nilihamia nyumbani. Ningependa kusema hivyo. Programu ile ilipendwa, ikatakiwa kwingine, na wateja wapya walitaka niwe mahali ambapo ndege zinatua kila siku na mtandao haulali. Wakataja Kampala. Nilizungukia habari hiyo kwa siku kadhaa bila kumwambia Consolata. Yeye ndiye alimaliza.

"Unaenda?"

"Ni ya muda tu. Mtandao ukifika Keshero, narudia."

"Nitakukumbusha," alisema.

Alikuja Kampala mara moja, wiki mbili. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha akitazama ukuta wa jirani. Alipika, akafua, akanisalimia vizuri kila jioni. Siku ya kurudi aliniambia: "Hapa hakuna mutu anapita akiniita jina." Mama yake alikuwa ameshashuka kutoka Masisi kwa ajili ya vita, yuko Mugunga kwenye maturubai, na Consolata ndiye alikuwa anampelekea chakula. Sikuweza kumwambia abaki.

Kampala ni mji mzuri na sina la kuulaumu. Umeme ulikuwepo, mtandao ulikuwepo, na kazi ilikwenda vizuri. Lakini nilitamani vumbi jeusi kwenye viatu, na sauti ya gurudumu la chukudu likishuka Keshero, na fromage iliyokatwa kwa kisu kile chenye mpini wa mti. Niliutamani mulima dirishani. Niliwahi kumweleza mteja mmoja, kwenye kioo, kwamba kutoka kwangu unaona volkano. Akauliza kama ni hatari. Nikasema ndiyo, nikanyamaza, na yeye akadhani mtandao umekatika. Muzee Balthazar alipofariki, nilimzika kwenye simu. Picha ilisimama kila mara, nikaona jeneza, halafu mwavuli wa mtu, halafu udongo. Walisema mashini yake ya kuandikia iliwekwa juu ya jeneza mpaka kaburini na baadaye wakairudisha nyumbani. Hilo sikuliona.

Halafu siku moja Consolata akanipigia kwa picha. Alikuwa amekaa mezani kwangu, Keshero, mulima nyuma yake, na picha haikutikisika hata kidogo.

"Unaniona?"

"Nakuona."

"Muzuri?"

"Muzuri sana."

"Basi, mtandao imefika."

Nikasema nimalize kontra hii, mkataba niliokuwa nao. Ilipoisha kukawa na nyingine. Aliniuliza mara mbili zaidi, kwa nafasi, bila kelele, halafu akaacha kuuliza. Mtandao ulifika Keshero na mimi sikufika. Ninyi mkafungua chumba chenu Himbi na sola zenu, mkanipigia kuniuliza ushauri, mkaniita Papa Déo wa Goma. Niliwajibu kutoka Kampala na sikuwasahihisha.

Vita hii ya mwisho mnaijua kuliko mimi. Nilisikia imefika Sake, halafu Mugunga, halafu nikasikia imeingia mjini. Nilimpigia Consolata, ikalia. Siku ya pili nikapiga, sauti ya mwanamke ikasema namba haipatikani. Niliwapigia ninyi nyote, hamkupatikana. Siku zikapita na sikuwa na habari kama mke wangu yuko hai. Niliendelea kukaa mbele ya kompyuta kila asubuhi kwa sababu sikujua pa kukaa pengine.

Mnajua kwamba programu yangu ile bado inatumika, na rekodi zenye mahali ambapo haipatambui huja kwangu nizisahihishe. Miaka yote hii ndiyo kazi yangu ya kwanza ya siku, pamoja na chai: Kanyaruchinya iliyoandikwa namna nne, kijiji ambacho hakipo kwenye liste. Asubuhi ile zikaingia nyingi kwa mkupuo. Nadhani mtu alisogea karibu na barrière na simu yenye mtandao wa huku, akazituma zote. Nikaanza kusahihisha. Ya saba au ya nane ilikuwa nyekundu kwenye swali moja.

Jina: Consolata. Kazi: anauza fromage. Unalala wapi: shule ya parokia, darasa la nne. Mchana uko wapi: Keshero, kuangalia nyumba. Mkuu wa familia: Déogratias, mume. Analala wapi: hapakujazwa kitu. Programu ilitaka mahali na ilikataa kuendelea bila mahali. Mimi ndiye niliyeiambia ikatae.

Chini, kwenye mstari wa Muzee Balthazar, kijana fulani asiyenijua alikuwa ameandika: "Mama anakatala tuandike Kampala. Anasema kule hakai, anapita tu. Anasema tuandike iko njiani, anakuya."

Kwanza nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani, iko muzima. Nikasema tena. Kisha nikausoma mstari mara nyingine, na aibu ikanishika kuliko siku ile ya Mama Zawadi. Kijana aliuliza swali langu, kwa maneno yangu mwenyewe, na mke wangu, darasani, na watu wakisikiliza, alinitetea. Alikuwa amewaambia wote hivyo miaka yote, nadhani. Sokoni, kanisani, kwa wamama wa Masisi. Yeye hakuwahi kuniambia.

Siku hiyo hiyo niliwaandikia wateja wote barua moja fupi. Nilifunga kompyuta kwenye kitenge alichonipa siku naondoka, nikapanda basi. Nimefika huku na barrière imefungwa, na nangoja na wengine wengi. Nauliza kila anayetoka upande ule kama anaijua shule ya parokia. Mmoja jana alisema darasa la nne wana maji. Nilimshukuru mpaka akaona haya.

Sasa swali lako, Aline. Sikuambii uende Kigali na sikuambii ubaki. Angalia umeme, angalia mtandao, ni kazi na ina mahitaji yake. Lakini kabla ya kuhamia popote, kaa wiki moja na watu utakaowaandikia programu, ujue asubuhi wanakwenda wapi. Na ukienda, usimwambie mama yako kwamba utarudi kitu fulani kikifika. Mwambie siku. Siku ikifika, panda basi, hata kama kazi haijaisha. Na fomu yoyote utakayotengeneza, acha mstari mmoja.

Watu barabarani wanasema leo alasiri watafungua kwa wanaokwenda kwa miguu. Wamesema hivyo tangu juzi, lakini leo naona hata askari wanasogeza vizuizi. Rekodi ile bado iko kwenye mashini yangu, nyekundu, inangoja nichague mahali kwenye liste. Ni mimi peke yangu ninayeweza kuisahihisha. Siku Consolata alipomwambia yule kijana maneno yale, hayakuwa kweli. Nilikuwa nimekaa Kampala na kikombe cha chai. Leo ni kweli, na nitaiacha rekodi hivyo mpaka nifike nimwulize mwenyewe tuandike nini.